Njia ya Mlimani Huharibiwa na Maji Kuliko Miguu

Ukiona njia ya msituni imegeuka korongo, usikimbilie kulaumu wingi wa wageni. Miguu hulegeza udongo. Maji ndiyo yanayouchukua. Upande wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye msitu unaopitiwa na njia za Machame na Umbwe, ndiko mvua inakonyesha zaidi, na udongo wa volkano ukishalegea humomonyoka upesi.

Kosa kubwa hufanyika siku njia inapochorwa. Njia iliyopandishwa moja kwa moja hadi juu huwa mfereji, na utaikarabati kila mwaka bila kupona. Kanuni ni kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima: ubavu ukiwa na asilimia 30, yaani kupanda mita 30 kwa kila mita 100 za mlalo, njia isizidi 15. Kwa wastani wa njia nzima, 10 inatosha. Uso wake nao uinamie kidogo upande wa bondeni, sentimita 5 kwa kila mita ya upana, ili maji yavuke njia badala ya kuifuata.

Pale njia isipohamishika, weka vizuizi vya magogo au mawe vya kuyatoa maji njiani. Vilazwe mshazari, nyuzi 45 hivi. Kizuizi kilichokingama kabisa hujaa matope, kisha maji hukiruka. Jiwe lizikwe theluthi mbili. Mkondo wa kutolea maji uwe mpana na ufike mbali, hadi maji yasiweze kurudi njiani. Zibua yote kabla ya masika, na tena kabla ya vuli. Kazi hii ya jembe na koleo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nayo ndiyo inayookoa njia.

Ngazi ziwe na kimo cha sentimita 15 hadi 20. Ikifika 30, mpagazi mwenye mzigo wa kilo 20 atapita pembeni, wenzake watamfuata, na njia itazidi kupanuka.

Njia za mkato zifungwe pale zinapoonekana, juu na chini, kwa mawe na magogo yaliyozikwa. Udongo ulioshindiliwa utifuliwe ili mbegu zishike, na miche itoke msitu huohuo, isiletwe mimea ya kigeni. Kisha hakikisha njia halali inapitika kwa urahisi kuliko iliyofungwa, la sivyo magogo yatasogezwa mapema sana.