Siku nzima kwa robo gramu ya mafuta

Ukisema unatoa mafuta kwenye mwani, watu hudhani kuna kinu kama cha ufuta. Hakuna. Seli ya Nannochloropsis, mwani wa chembe moja usioonekana kwa macho, ina upana wa mikroni 2 hadi 4 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na ganda gumu, kinu hakiipati.

Saa 2 asubuhi sentrifuji, mashine inayozungusha kwa kasi ili kutenga mwani na maji, imeshatua. Chini umebaki uji mzito wa kijani unaong'ang'ania kijiko, asilimia 80 maji. Kwa nini tusiukaushe kwanza? Kupata kilo 1 kavu lazima uvukize kilo 4 za maji, na hizo hula megajuli 9 hivi. Ikiwa robo ya kilo hiyo ni mafuta, nayo yana megajuli 9 hivi. Mtaji umeliwa wote.

Saa 3, kusaga kwa shanga za kioo za nusu milimita, chombo kikiwa kwenye barafu: dakika moja kusaga, moja kupumzisha. Joto likipanda, vimeng'enya vya mwani wenyewe huanza kuvunja mafuta.

Saa 4, njia ya Bligh na Dyer ya mwaka 1959, ya kutoa mafuta kwa viyeyusho viwili, klorofomu na methanoli. Gramu 5 za uji zina mililita 4 za maji tayari, kwa hiyo klorofomu mililita 5, methanoli 10. Asiyehesabu maji ya ndani ya uji ameharibu uwiano kabla hajaanza. Tikisa, kisha ongeza klorofomu 5 na maji 5. Vyombo vyote viwe vya kioo, na kabati la kuvuta mvuke liwe linavuta. Klorofomu hudhuru ini.

Hapa ndipo siku inapozama. Juu methanoli na maji, chini klorofomu ya kijani iliyokolea, na katikati utando mzito kama mtindi: protini na maganda yaliyokumbatia vitone vya klorofomu. Ukitikisa kwa nguvu, unazidi kunenepa. Badala ya maji matupu tumia maji ya chumvi asilimia 0.9, pindua neli taratibu, zungusha kwenye sentrifuji dakika 10, ngoja. Bado. Zungusha tena. Shingo inauma, chakula cha mchana kimepita, na pipeti bado inashuka ubavuni mwa neli ikitoa kiputo kidogo kidogo ili isibebe tabaka la juu. Kisha klorofomu mpya, na utando uleule unarudi. Ukiuacha, umeacha mafuta humo.

Jioni, gesi ya naitrojeni inapuliza klorofomu iishe kwenye nyuzi 40 hadi uzito usibadilike. Mizani inasoma gramu 0.25, na klorofili, rangi ya kijani ya mwani, imo humo pia. Mpaka asidi za mafuta zipimwe, hiyo si namba ya mafuta matupu. Kichupa kinafungwa na kuingia kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri.