Gurudumu Kando ya Goti

Tuliondoka Dar es Salaam asubuhi, mwezi wa tatu, kwa Cessna 206 ya injini moja, tukielekea Mtwara. Abiria walikuwa wawili: mama mmoja wa Mikindani aliyekuwa anarudi nyumbani kutoka matibabuni, na binti yake. Ukifuata pwani, ndege ile hutumia saa moja na dakika arobaini hivi. Mikoko ya delta ya Rufiji tuliiona yote, Kilwa tukaiona nusu. Baada ya hapo ni wingu tupu.

Kusini kule mvua ni msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na Machi mawingu yake huwa na hewa inayopanda na kushuka hovyo. Nilikuwa futi 9,000, otopailoti, kifaa kinachoirusha ndege chenyewe, imeshika kimo na uelekeo. Nakipenda kifaa kile. Rubani aliye peke yake mawinguni huchoka upesi, nacho humpa nafasi ya kufikiri.

Tulipokaribia Lindi ndege ikaanza kuinamisha pua, taratibu mno. Mwili haukuniambia kitu, kwa kuwa sikio la ndani halihisi badiliko la polepole. Ndiyo maana mawinguni tunaamini geji. Kimo kikasoma 8,800 na kasi ikapanda. Hapo nikafanya kosa nililofundishwa nisilifanye: nikaushika usukani nikauvuta, otopailoti ikiwa bado imewashwa.

Kando ya goti langu la kulia kuna gurudumu la trimu, jeusi, lenye meno pembeni. Kazi yake ni kuuweka mkia sawa ili rubani asisukume wala kuvuta usukani muda wote. Nikaliona linazunguka lenyewe kwenda mbele, kidogo kidogo, bila kusimama. Kila nilipovuta, lilizidi. Mashine haiujui mkono wa mtu. Inachohisi ni uzito unaopinga amri yake, nayo inajibu kwa kuongeza trimu ya kushusha pua. Ukishindana nayo, unazidi kujiongezea mzigo.

Nikabonyeza kitufe chekundu cha usukani, cha kuzima otopailoti, nikakishikilia. Usukani ukanielemea mikononi kama gunia la korosho. Nikapunguza nguvu za injini, nikasawazisha mabawa kwa kioo cha upeo, geji inayoonyesha ndege imeinama vipi, halafu macho yakaenda kwenye kiashiria cha kugeuka. Kioo cha upeo cha ndege ile huzungushwa na pampu ya hewa, kile kingine na umeme, kwa hiyo vikikubaliana una sababu ya kuviamini. Vilikubaliana. Nikachomoa breka ya umeme wa otopailoti, kisha nikaanza kulirudisha gurudumu kwa kiganja, zamu baada ya zamu, hadi mikono ikapata nafuu. Kimo: 8,300. Nyanda za Rondo hazifiki futi 4,000, kwa hiyo ardhi ilikuwa bado mbali.

"Baba, kwema huko mbele?" mama akauliza.

"Kwema, mama. Sasa naishika mwenyewe."

"Ishike, baba."

Niliwaarifu waongoza ndege kwamba otopailoti haifanyi kazi, nikaomba nisipewe mabadiliko mengi ya kimo na uelekeo kwa mpigo. Waliniruhusu nipunguze kimo nikiwa juu ya bahari. Dakika zile ishirini za mwisho sikuandika hata neno. Macho yalitoka upeo kwenda kimo, yakarudi upeo, yakaenda kasi, yakarudi upeo. Tulipochomoka chini ya wingu, ghuba ya Mikindani ilikuwa mbele kulia, na nyuma yangu nikasikia binti anamwonyesha mama yake minazi ya kwao.

Baadaye fundi aliikuta nyaya ya kihisio cha kimo imelegea. Otopailoti ilikuwa inaambiwa tuko juu kuliko tulivyokuwa, nayo ikatushusha kwa utiifu. Kesho yake nilirudi Dar, anga wazi, usukani mkononi njia nzima, na juu ya swichi ya otopailoti nimebandika karatasi: HAITUMIKI.