Hatua Ishirini Kutoka kwa Mnyama

Mwaka jana nilijichongea kirushio cha mkuki, chombo ambacho Waazteki wa Meksiko walikiita atlatli, na tangu hapo vigumba vya mawe vinavyopangwa kwenye makabati ya makumbusho vimeanza kunisemesha. Chenyewe ni kijiti tu cha sentimita 60 hivi, chenye mshiko upande mmoja na kikulabu kidogo upande wa pili. Mkuki wake ni mwembamba, urefu wake karibu mita 2, na kitako chake kina kitundu kinachokaa juu ya kikulabu hicho. Unaushikilia kwa ncha za vidole, unapiga hatua moja, unapeleka mkono mbele, na mwisho kabisa unafyatua kiwiko na kifundo cha mkono. Mikuki yangu ya kwanza ilianguka kama kuni. Nilikuwa nimechagua mti mgumu, mnyoofu, usiopinda hata kidogo, nikidhani ugumu ndio nguvu. Kumbe mkuki wa atlatli sharti upinde, kwa sababu husukumwa kutoka nyuma, kitako huanza kwenda kabla ncha haijaondoka mahali pake, na mti usiokubali kujikunja hukengeuka mara tu unapoachiwa. Nilipohamia kwenye mwanzi mwembamba na kuufunga manyoya kitakoni, gunia la majani makavu lililokuwa hatua ishirini mbele yangu likaanza kutobolewa. Nilipoongeza hatua kumi, nilikosa kuliko nilivyopata.

Hatua hizo ishirini ndizo ninazotaka kuzizungumzia, kwa maana naona habari za wawindaji wa kale wa Amerika husimuliwa mno kwa jiwe na kidogo mno kwa umbali.

Agosti 1908 mvua kubwa iliufurikia mji mdogo wa Folsom, katika jimbo la New Mexico, na maji yakachimbua kingo za korongo moja la karibu. George McJunkin, mchunga ng'ombe Mweusi aliyezaliwa utumwani Texas na ambaye wakati huo alikuwa msimamizi wa ranchi, aliona mifupa imechomoza kwenye ukingo huo, akatambua kuwa ilikuwa mikubwa kuliko ya nyati wa kawaida. Alijaribu kwa miaka kuwashawishi watu waende kuitazama. Alifariki mwaka 1922, na ni mwaka 1927 tu ambapo wachimbaji walikuta kigumba cha jiwe kikiwa bado kimekaa katikati ya mbavu za nyati wa aina iliyokwisha kutoweka, na wataalamu waliokuwa wakishikilia kwamba binadamu hawakuwa na muda mrefu barani humo wakalazimika kukubali walichokiona. Nyati hao waliuawa zaidi ya miaka 12,000 iliyopita. Ufunguo wa habari yote aliushika mchunga ng'ombe aliyejua mifupa, na sidhani kama shukrani aliyopewa baada ya kufa inatosha.

Vigumba vya Clovis, ambavyo pia vilipewa jina la mji wa New Mexico, ni vya kale zaidi, karibu miaka 13,000, na hutambulika kwa mfuo uliochongwa kutoka kitakoni ili jiwe likae vizuri kwenye mti. Huko Naco, Arizona, mwaka 1952 mifupa ya mamothi, yule ndugu wa tembo, ilikutwa pamoja na vigumba 8 vya namna hiyo. Mtu anaweza kudhani kuwa vigumba vinane ni dalili ya ushindi. Lakini wawindaji hawaachi zana nzuri ndani ya nyama waliyoichinja wenyewe, na ndiyo maana wapo wanaakiolojia wanaoona kwamba mnyama yule aliwaponyoka, akaenda kufia mbali na mikono yao. Mkuki mmoja hauangushi mamothi papo hapo. Humfanya avuje damu, nawe unamfuata.

Wala jambo hili halikuwa la wanaume peke yao. Katika nyanda za juu za Peru, mahali paitwapo Wilamaya Patjxa, palichimbuliwa kaburi la miaka 9,000 la mwanamke kijana aliyezikwa na zana zake za kuwindia. Kwa aliyewahi kutumia atlatli hilo halishangazi, kwani wenzo ule hutegemea zaidi wakati na mpangilio wa viungo kuliko unene wa bega.

Vijiji havikuja kwa ghafla, tena havikusubiri kilimo. Poverty Point, huko Louisiana, ni mfano ninaoupenda kuliko yote: zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, wawindaji, wavuvi na wakusanyaji wasiolima walijenga matuta sita ya udongo yaliyopindana kama nusu duara na vilima vikubwa pembeni, huku mawe ya zana zao yakiletwa kutoka mamia ya kilomita. Kwa kuwa mahali penyewe pana uhaba wa mawe, walifinyanga madonge ya udongo kwa viganja, wakayachoma na kuyatumia kupikia kwenye mashimo, na mengine yangali na alama za vidole. Watu wakikaa mahali pamoja, wanyama wakubwa wa jirani hupungua au hujifunza woga. Chakula cha kila siku huwa samaki, kokwa na kulungu, na kulungu hashambuliwi kama kundi la nyati, huviziwa.

Hapo ndipo naamini upinde ulipoishinda atlatli. Kusini mwa Yukon, nchini Kanada, tangu mwaka 1997 barafu inayoyeyuka milimani imekuwa ikitoa mikuki ya atlatli yenye mti, kano na manyoya yake, vitu ambavyo kwingine vimeoza zamani. Ushahidi wa pale ni wa wazi: kwa maelfu ya miaka ni atlatli, kisha, karibu miaka 1,200 iliyopita, mishale na pinde zinashika nafasi. Mrushaji wa atlatli lazima asimame, apige hatua na kuzungusha mkono mzima, na kulungu huona yote hayo. Mpiga upinde anaweza kupiga akiwa amepiga goti nyuma ya kichaka.

Wawindaji wa leo wanaorudi kwenye silaha hizi hugundua jambo hilo kwa miguu yao. Jimbo la Missouri linaruhusu atlatli katika sehemu ya msimu wake wa kulungu, na Wisconsin ilifungua msimu wa upinde mwaka 1934. Binafsi sina ugomvi na ruhusa hizo, ila ningependa anayezitumia awe amepima kwanza, kwa gunia, umbali ambao hakosi, na asimrushie mnyama aliye mbali zaidi ya hapo, maana kulungu aliyejeruhiwa na kupotea ni mamothi wa Naco mwingine.

Upinde nao ulirudi kwa njia ya huzuni. Mwaka 1911 mtu aliyeitwa Ishi, wa mwisho wa kabila la asili la Wayahi baada ya watu wake kuangamizwa California, alitokea katika mji wa Oroville, akapelekwa kuishi katika jumba la makumbusho San Francisco, ambako alichonga vigumba hata kwa vioo vya chupa. Daktari Saxton Pope alijifunza kwake kupiga upinde, kisha akaeneza maarifa hayo kwa Wamarekani wengine. Pope alieleza kwamba kabla ya kwenda kuwinda Ishi hakula samaki wala kuvuta tumbaku, na asubuhi yake alioga mtoni, ili mnyama asimnuse. Kazi ya mshale ilianza jana yake.