Athari za kompyuta kwa jamii: mwalimu aanze kwa kukokotoa

Mwalimu wa TEHAMA akipewa mada ya athari za kompyuta kwa jamii, mara nyingi hugawa ubao mara mbili: faida kushoto, hasara kulia. Wanafunzi wananakili "hurahisisha mawasiliano" na "huharibu maadili", kengele inalia. Hawajaona kwamba nyuma ya kila programu kuna watu walioamua iweje. Kwa hiyo semina ya walimu nashauri ianze na hesabu.

Kila meza ya walimu wanne ipewe kadi 50 za manila: 40 zimeandikwa A, 10 zimeandikwa B. Nyuma ya A moja na B nne pawe na alama ya kosa. Kila kadi ni mtu, na programu inakisia jinsia kwa kutazama sura. Je, imepatia kwa asilimia ngapi? Tisini, na wengi wataridhika. Sasa wakokotoe kila kundi peke yake: A imekosewa asilimia 2.5, B asilimia 40. Mkufunzi anyamaze hapo. Akiwahi kutamka "ubaguzi", walimu watarudia neno lake badala ya kueleza walichokiona.

Ndipo waletewe utafiti wa 2018 wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru, watafiti wa kompyuta. Walikusanya sura 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden, wakapima programu tatu za kibiashara zinazokisia jinsia kwa sura. Ya kampuni ya IBM ilipatia asilimia 87.9 kwa jumla. Kwa wanaume weupe ilikosea asilimia 0.3, kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, 34.7. Hesabu ya kadi ni ileile, ila sasa ni watu.

Mambo mawili huharibu somo hili. Kwanza, walimu husema programu "ilishindwa kuwatambua" watu. Hapana: kukisia jinsia na kumtambua mtu ni nani ni kazi mbili tofauti, na zinahitaji vipimo tofauti. La pili ni zito zaidi. Mwalimu hupiga picha za wanafunzi wake ili ajaribu programu mtandaoni. Sura ya mtoto ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya kuzilinda tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na mwanafunzi aliyesimamishwa mbele awe mfano wa ngozi nyeusi anadhalilika. Kadi zinatosha kabisa.

Kwa darasani, tengeni vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana. Kimoja huishia kwenye hesabu tu.

Kusahihisha ndiko kunakowatatiza walimu, maana wamezoea kuhesabu hoja. Jibu lenye alama kamili litaje kundi lililoumia, kipimo kilichoonyesha hivyo, na uamuzi mmoja ambao mtengenezaji angeweza kuufanya tofauti, kwa mfano kuripoti makosa ya kila kundi kabla ya kuuza. "Teknolojia ina faida na hasara" lipate sifuri, na mwanafunzi aelezwe kwa nini.