Kababu za kuku, siku ya nikaha

Baba alipotoka hospitali mwaka 2015 alitoka na dawa za presha, karatasi ya miadi ya kliniki, na maagizo ya daktari ambayo mama aliyashika kama amana: chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, mafuta yapunguzwe, vya kukaanga viachwe kabisa. Nyumbani hilo halikutusumbua. Mama alibadilisha mapishi ya wote, na baada ya muda mdogo hakuna aliyelalamika.

Taabu ilikuwa shughulini. Kwetu Tanga, arusini au kwenye maulidi, watu hukaa jamvini wanne au watano wakazunguka sinia moja. Baba akaanza kuletewa sahani yake pembeni: ndizi za kuchemsha, kipande cha samaki, mchicha wa chukuchuku. Anayeileta huitangaza mlango mzima, "Hii ya mzee, ana presha," na wenzake wanamsogezea kiti ili ale kwa raha. Walikuwa wanamheshimu, najua. Lakini mtu aliyekula na rafiki zake sinia moja miaka arobaini, kisha anawatazama akiwa juu ya kiti, hicho si kitu kidogo. Akaanza kukataa mialiko. "Nendeni nyinyi, mimi nitabaki na redio."

Desemba 2016 mdogo wangu akaposwa, nikaha ikapangwa Jumamosi baada ya sala ya Alasiri. Hapo redio haikuwa jawabu. Baba ndiye walii, yeye ndiye anayemuozesha binti yake, na baada ya msikitini angerudi na wakwe zake kukaa barazani kwetu. Nikaamua kwamba siku hiyo hatoki mtu jikoni na sahani ya pembeni.

Pilau sikuigusa, ile ilikuwa mikononi mwa wapishi wa kukodi na tungempakulia kidogo. Nilitazama vitafunwa. Ndivyo vinavyotangulia, na kahawa na halua, na ndivyo vinavyokaa muda mrefu zaidi mbele ya watu wakati wanafahamiana. Navyo vyote ni vya karai: sambusa, katlesi, bajia, kababu. Nilitaka kababu zitoke kwenye karai. Ziwe za kuku, zisizo na mafuta mengi, za kuoka, na ziliwe na wote. Nikaliweka wazi hilo mapema: nikipika za baba peke yake, nitakuwa nimemtengenezea ile ile sahani kwa jina jingine.

Shangazi, dada yake baba, ndiye mwenye jiko letu la shughuli. Nilimwendea kwake Ngamiani siku tatu kabla.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unataka kututolea kababu za kuoka."

"Ndiyo, shangazi. Za kuku."

"Wakwe watasema tumeishiwa mafuta."

Nikamwambia sababu. Alikuwa anapepeta mchele. Akaendelea kupepeta, kisha akauliza tu kuku wangapi.

Tulihitaji nyama tupu kilo nane. Alhamisi tulikwenda soko la Mgandini tukanunua kuku wa kisasa, maana wa kienyeji ni mtamu kwa mchuzi lakini nyama yake ni ngumu, haisagiki vizuri. Ijumaa jioni tukawachambua. Hapa kuna jambo ninalolisimamia mpaka leo: usitumie kidari peke yake. Kidari hakina mafuta, na kababu yake ikiingia motoni inakauka mpaka inakwama kooni. Tuliondoa ngozi yote, tukachanganya vidari na mapaja nusu kwa nusu. Mapaja yana mafuta yake kiasi, ndiyo yanayoilainisha kababu bila wewe kumwaga mafuta ya chupa.

Kwa sababu chumvi ilikuwa kidogo, viungo vilipewa nafasi: kitunguu thomu na tangawizi za kutwanga, bizari nyembamba iliyokaangwa kavu kisha ikasagwa, pilipili manga, mdalasini kwa mbali, kotimiri nyingi, pilipili mbichi iliyotolewa mbegu, na maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa juu juu, ule ukijani tu. Vitunguu maji tulivikuna, tukavifunga kwenye kitambaa na kuvikamua, kwa sababu maji yake ndiyo yanayofanya kababu ipasuke. Kisha boflo, yaani mkate, iliyolowekwa kwenye maziwa ikakamuliwa, na mayai machache ya kushikisha. Ile boflo si ya kuongezea wingi kama watu wanavyodhani. Inashika unyevu ndani wakati nyama inapojikaza kwa moto. Nyama ilikandwa kwa mkono mpaka ikawa inanata, ikalala kwenye friji usiku kucha. Kuonja, tulichoma donge dogo kwenye kikaango, maana kuku mbichi haonjwi. Shangazi akaonja, akaongeza thomu, akaonja tena, akaongeza tena.

Jumamosi asubuhi tukaviringisha kwa viganja vilivyoloweshwa maji, kila kababu kiasi cha ndimu ndogo, kama gramu 30. Zilipita mia tatu. Kwetu hapakuwa na oveni. Jirani alitupa yake kwa moyo mweupe, lakini ilikuwa ndogo, inaingia trei moja ya kababu ishirini. Nilipiga hesabu nikaona tutamaliza Magharibi, wageni wakiwa wameshaondoka.

Shangazi alisimama mlangoni kwa jirani, akaitazama ile oveni.

"Mkate wa kumimina unaiva kwa nini?"

"Kwa moto wa juu na chini."

"Basi kababu nazo tuzipalie."

Nilikuwa nimemwona akipalia mkate wa kumimina tangu utotoni mwangu, uji wa mchele na nazi ukiumuka ndani ya sufuria, makaa yakiwa yamepangwa juu ya kifuniko. Sikuwahi kufikiri kwamba kazi ile ni ya oveni kamili. Moto wa juu unashuka na kuibabua ngozi ya chakula, sufuria lenyewe linapata joto pande zote, na chini unaacha makaa machache tu. Tukaweka majiko manne ya mkaa uani na sufuria nne pana za shughuli. Ndani ya kila sufuria shangazi alipanga vijiwe vitatu vilivyooshwa, juu yake trei ya duara iliyopakwa mafuta kwa ncha ya kitambaa, ili kababu zisikae moja kwa moja kwenye joto la chini. Kababu zikapakwa mtindi uliochanganywa na manjano kidogo zisitoke nyeupe, maana kuku hapati rangi upesi kama nyama ya ng'ombe. Sinia kuukuu la bati likafunika, makaa juu yake.

Lile sinia lilikuwa limepinda, na kila lilipoinuliwa ilibidi mtu mmoja akae na kitambaa kuzuia majivu yasidondoke ndani. Binamu zangu walipokezana kazi hiyo kwa subira kubwa. Kila mkupuo ulichukua kama dakika ishirini. Kuku anatakiwa afike nyuzi 74 katikati ndipo awe salama. Kipimajoto hatukuwa nacho, kwa hiyo kila trei tulipasua kababu tatu, ya katikati na mbili za pembezoni, tukatazama kama kuna wekundu na kama maji yanatoka meupe. Zilitoka za rangi ya dhahabu juu, na chini ya trei kulikuwa na mchuzi mdogo uliochuruzika. Shangazi alichukua moja, akaipasua kwa vidole, akanusa, akaila yote. "Ina maji ndani," akasema, na tangu hapo alizisimamia kama wazo lake.

Dumu la lita tano la mafuta alilolinunua kwa ajili ya kababu lilibaki na muhuri wake.

Baada ya Alasiri wanaume walirudi. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nyuma ya pazia la baraza, nikiona vizuri. Masinia yakatoka: kababu katikati, chatini ya embe mbichi pembeni, vipande vya ndimu. Baba alikaa jamvini kati ya baba mkwe wa mdogo wangu na imamu. Kijana mmoja wa mtaa, kwa mazoea, akamvutia kiti. Baba akamwambia, "Acha tu, mwanangu, leo niko hapa," akanyoosha mkono kwenye sinia pamoja nao. Alikula tatu. Nilizihesabu. Yule mkwe alimuuliza jambo, baba akacheka na kuonyesha upande wa jikoni, kisha akamsogezea mkwe bakuli la chatini kwa mkono wake mwenyewe. Mama, aliyesimama nyuma yangu, alinishika bega na hakusema kitu.

Baadaye baba akanitumia mtoto. Yeye huniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Babu anasema, mama, zimebaki?"

Zilibaki chache sana, nikampa mbili kwenye kisahani. Mtoto akarudi na habari kwamba moja amempa imamu.

Jumatatu baba aliamka mapema akavaa kanzu, akasema anakwenda mjini. Alirudi adhuhuri na fundi bati mmoja kijana, amembeba kwenye pikipiki yake, ili aje apime sufuria za shangazi. Alimwagizia vifuniko vinne vya bati nene vyenye ukingo wa vidole vitatu kuzunguka, makaa na majivu yasipate pa kumwagikia, na mshikio wa waya katikati. Alivilipia vyote kwa pesa yake ya pensheni, akakataa mchango wa mtu yeyote. Viko kwa shangazi hadi leo. Ukitaka kuviazima kwa shughuli unakwenda mwenyewe, na unavirudisha vimesuguliwa.