Bendera imeshushwa, nimerudi nyumbani

Tangu nirudi kutoka kituo changu cha ubalozi, ndugu wengi wananiuliza kama bado nina kinga ya kibalozi, ile ya kutokamatwa wala kushtakiwa. Sina. Na kwa mahakama za kwetu sikuwahi kuwa nayo: Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, ibara ya 31, unasema kinga ya balozi katika nchi mwenyeji haimtoi katika mamlaka ya mahakama za nchi iliyomtuma. Kule polisi hakuruhusiwa kunikamata. Hapa ni raia tu. Kilichobaki ni kidogo: yale niliyoyatenda katika kazi rasmi, nchi ile haiwezi kunishtaki kwayo hata leo.

Hayo ya sheria ni mepesi. Kinachonishughulisha ni kwamba miaka yote hiyo nilikuwa mtu wa kusema "kwetu tunaona hivi". Msimamo wa serikali hutumwa kutoka makao makuu, umeshapimwa neno kwa neno. Lakini mazungumzo mengi ya balozi hayana waraka. Mfanyabiashara anakugeukia mezani, anauliza vijana wa kwenu wanataka nini, nawe unajibu, maana ndiyo kazi. Sasa nakaa na hao vijana, wapwa zangu wakiwemo, wananicheka kwa upole. Nchi ninayoisimulia mimi wao waliisikia kwa wazazi wao.

Kwa hiyo siungani na wanaotaka balozi aachwe kituoni muda mrefu. Hoja yao ninaijua, tena ina uzito. Mabalozi hawapangwi kwa ukubwa wa nchi zao bali kwa tarehe ya kuanza kazi rasmi, ambayo kwa kawaida ni ile ya kukabidhi hati za utambulisho. Nchi ndogo yenye balozi mkongwe inaweza kuwatangulia wakubwa wote, hata kuwa msemaji wa mabalozi wenzake. (Kuna nchi ambako heshima hiyo ni ya mjumbe wa Papa, hata kama kafika jana.) Ukimrudisha huyo, mrithi wake anaanzia mkiani.

Na aanzie mkiani. Bora balozi wa mwisho kwenye foleni anayejua kwao kunaendaje.

Wizara imeniomba nizungumze na wanaojiandaa kwenda vituoni. Itifaki watafundishwa na wengine. Mimi nitawasihi likizo zao waje wazimalizie kwao. Kabla ya hapo nina shughuli moja: leseni yangu ya udereva iliisha muda zamani, nilizoea kuendeshwa.