Siku moja na Kuruta, mbwa wa kambini aliyehamia Walukuba

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Siamshwi na jogoo wala na simu. Naamshwa na kucha za Kuruta kwenye mlango wa bati wa jikoni: kwaru, kwaru, kimya kidogo, kwaru. Akiona simwitikii anaanza kile kilio chake chembamba cha mtoto aliyenyimwa andazi, na hapo Jaja, mama mkwe wangu, anapaza sauti kutoka chumba cha pili: "Toka!"

Kuruta hatoki. Hajawahi kutoka kwa kuambiwa toka, na ndiyo maana anaitwa Kuruta.

Jina alikuja nalo. Kaka yangu ni askari. Miaka miwili iliyopita, alipohamishwa kutoka hapa Jinja, Uganda, alituletea kijibwa ndani ya boksi la sabuni akasema, "Dada, huyu kuruta gwaride limemshinda, hebu jaribu wewe." Rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala, mkia umepinda kama ndoana. Ni mbwa wa kawaida wa huku kwetu, hana ukoo wa kujivunia. Lugha aliyoikuta kambini ni Kiswahili, kwa kuwa jeshini ndicho cha amri na ndicho cha porojo, na mpaka leo ukimsemesha Kisoga anakutazama kama karani uliyemuuliza faili lako limefikia wapi.

Mimi naye tumelelewa mamoja. Baba yangu alikuwa askari, nimezaliwa kambini, Kiswahili nimekinyonya. Mume wangu ni Msoga wa Kamuli. Nayasema haya mapema kwa sababu bila hayo siku yangu haieleweki.

Saa kumi na mbili

Uji umeiva, watoto ni watatu, viatu ni vitano.

Kuhesabu viatu ndiyo sala yetu ya asubuhi. Kifungua mimba amesimama mlangoni, mguu mmoja kiatu, mwingine soksi, na nje bado giza. Naingia na tochi ya simu chini ya mti wa ovakado, kwenye ghala la Kuruta. Kiatu kipo. Pamoja nacho nakuta mwiko wangu nilioulilia wiki nzima, kitambaa cha kufutia ubao ambacho sijui kimetoka shule gani, na kandambili ya mtu tusiyemjua. Ya kushoto. Kuruta huchukua vya kushoto tu. Mume wangu anasema ni gwaride, kushoto-kulia, kijana aliishia kushoto.

Nafuta mate kwa pindo la kanga, kiatu kinavaliwa hivyo hivyo kikiwa na unyevu, watoto wanaondoka. Kuruta anawasindikiza hadi barabara ya lami, anasubiri wavuke, kisha anarudi peke yake. Hilo hakufundishwa na mtu na hajakosa hata siku moja. Nikitaka kumgawa, na hutaka kila Ijumaa, hiyo ndiyo safari inayonirudisha nyuma.

Saa moja na nusu

Mume wangu anarudi kutoka zamu ya usiku kiwandani. Anakunywa chai, anakula chapati mbili, analala. Kuruta analala chini ya dirisha lake, kwa hiari yake, kumlindia usingizi. Akipita mama wa mukene, dagaa wa huku kwetu, kutoka Masese akiita wateja, Kuruta anambwekea mpaka afike kona. Kwa hiyo anayemwamsha mume wangu kila siku ni mlinzi wa usingizi wake.

Saa mbili na nusu

Natoa cherehani barazani. Kwa wasioijua Walukuba: mtaa huu ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi enzi Jinja ilipokuwa ikigeuka mji wa viwanda. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, umeme ukaita viwanda, viwanda vikaita watu wa kila kabila, na watu wa kila kabila wakihitaji kukopeshana chumvi lazima watafute lugha. Barazani kwangu nasikilizana na kila mpita njia kwa Kiswahili. Ni ndani ya nyumba ndiko mambo hugeuka.

Leo nina kazi moja tu, lakini ni gomesi, gauni la heshima la wanawake wa huku, na mwenyewe anaifuata jioni. Kesho kuna kwanjula, sherehe ya kumtambulisha bwana harusi ukweni, na mteja wangu ni shangazi wa bibi harusi, ambaye siku hiyo ana kazi kubwa kuliko bibi harusi mwenyewe. Kitambaa ni satini ya zambarau, mita sita, kwa sababu shangazi ana mwili na gomesi haitaki ubahili. Jina la vazi hili limetokana na Gomes, fundi Mgoa wa mwanzoni mwa karne iliyopita, na mimi nikishona yale mabega yaliyochongoka juu humkumbuka kwa wema na kwa hasira, maana mabega ndiyo yanayokula muda. Shingo ya pembe nne, vifungo viwili upande wa kushoto, na ndani mvaaji hujifunga kikoi ili kitambaa kisimgande na nyonga zikae vizuri. Mwisho kabisa ni mshipi, ule mpana unaofungwa chini ya kiuno na ncha zake kushuka mbele. Gomesi bila mshipi ni shuka.

Mshipi nilishaumaliza jana. Umekunjwa juu ya kiti. Ukumbuke mshipi huo.

Saa saba

Posho, yaani ugali, maharage, mukene kidogo. Watoto wanakula shuleni, baba amelala, tunabaki mimi na Jaja mkekani, na Kuruta kwenye kizingiti, miguu ya mbele ndani, ya nyuma nje. Amri ilikuwa asiingie ndani; yeye ameitafsiri.

Sasa nikueleze kuhusu Jaja.

Nimeolewa miaka kumi na miwili. Katika miaka yote hiyo mama mkwe hajawahi kunisemesha Kiswahili, hata neno moja. Anakisikia vizuri sana. Nikimsengenya kwa simu na kaka yangu, jioni naipata chumvi nyingi kwenye mchuzi. Nikajifunza Kisoga, nakiongea kwa makosa, naye hunisahihisha bila huruma. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni, habari ilisomwa redioni akiwa anamenya viazi. Akainuka, akazima redio, akarudi kumenya.

Nilidhani ni dharau. Binti wa askari, unazoea kutazamwa hivyo. Ni mume wangu aliyenifungulia siku moja. Enzi za Amin, Jaja alikuwa mwanamke kijana mwenye biashara ya ndizi, na barabarani palikuwa na vizuizi. Maneno ya Kiswahili aliyoyafahamu kwanza maishani aliyafundishwa pale: lete. Toka. Lala chini. Kwa kizazi chake hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya mtu mwenye bunduki na ya mtu anayekuja usiku. Hakuna kamusi inayoweza kulifuta hilo.

Basi akaja Kuruta, ambaye haelewi kingine. Wiki ya kwanza Jaja alimfokea kwa Kisoga, mbwa akampigia mkia akala kuku wake. Wiki ya pili nikiwa barazani nasikia ndani, kwa sauti ya mtu anayetema mbegu ya limau: "Toka!" Nikasimamisha cherehani. "Lete hiyo! Lala chini!" Maneno yale yale. Tofauti ni kwamba sasa aliyekuwa akiyasema ni yeye, na aliyeambiwa alale chini aligeuka chali akaonyesha tumbo akitaka akunwe.

Tangu hapo Kiswahili chake kinakua kila mwezi, na chote ni cha mbwa. "Kuruta, wewe mubaya sana." "Kuruta, kuja kula." Mimi bado ananisemesha Kisoga.

Leo, akidhani naosha sufuria, amemtupia kichwa cha samaki kutoka sahani yake. Akaniona. Akasema, kwa Kisoga, kwamba samaki alikuwa na miiba.

Saa nane na nusu

Nainuka kumimina mkaa kwenye pasi. Nikirudi, kiti ni kitupu.

Sikupiga kelele. Nilitazama chini ya meza, nikatazama uani, nikaona ncha ya zambarau ikipinda kona ya nyumba ya Mama Kato. Hapo ndipo nilipopiga kelele.

Mwanamke wa miaka thelathini na minane hapaswi kukimbia na tepu shingoni katikati ya Walukuba, lakini nilikimbia. Kuruta mbele, kichwa juu, mshipi unapepea nyuma yake kama bendera ya timu iliyoshinda. Tukapita mabomba ya maji, tukapita vijana wa boda wakacheka wakaanza kupanga dau, tukaingia uwanjani ambako kaloli, wale korongo wakubwa wala mizoga, walikuwa wamesimama jalalani kama wazee wa baraza. Kuruta akasahau mshipi, akawakimbilia. Kaloli mmoja akafungua mdomo wake mrefu tu, hakufanya zaidi. Kuruta akakumbuka mshipi. Akarudi kuuchukua kabla sijafika.

Nilimkamata kwenye mtaro. Nikavuta, akavuta, akadhani ndio mchezo wenyewe. Satini ikalia: chwaa! Na jino lake likanikwaruza kidole, si kwa ubaya, kidole ndicho kilichoingia njiani.

Damu kidogo tu. Lakini daktari wa mifugo aliyemchanja alituambia maneno ambayo sikuyasahau: mkwaruzo wa jino la mbwa unaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata uwe mdogo vipi, kisha unaenda kuonwa kituo cha afya, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna tena cha kumfanyia mtu. Kuruta alichanjwa ya kwanza akiwa na miezi mitatu na kila mwaka anarudia. Kadi yake inakaa mfuko mmoja na kadi za kliniki za watoto. Hata hivyo nilisimama bombani nikahesabu. Dakika 15 ni ndefu mno mteja akiwa njiani. Nilimaliza sabuni, nikamaliza na matusi.

Saa tisa na dakika kumi

Mshipi: matope mekundu katikati, na ncha moja imechanika kiasi cha shubiri. Naufua kwa maji baridi, kwa vidole, bila kusugua. Nauanika. Jua la Jinja leo limenihurumia. Bado una unyevu naupiga pasi, moto mdogo, kitambaa cheupe juu yake ili satini ising'ae vibaya. Nakata shubiri upande uliochanika, nakata shubiri upande wa pili zifanane, napinda upya. Umekuwa mfupi. Kwa mtu mwembamba isingeonekana.

Jaja amesimama mlangoni muda wote huu. Hajasema kitu. Kuruta yuko nyuma ya sketi yake.

Saa kumi

Shangazi amefika kwa boda, na mapema, wateja wa gomesi huwa mapema siku ambayo hutaki. Akavaa. Mabega yamekaa, shingo imekaa. Akafunga mshipi, akatazama chini, akaziona ncha zinaishia juu ya goti.

"Fundi, mbona..."

Nikafungua mdomo kusema kweli. Kabla sijatoa neno Jaja akatokea na kikoi chake cha nyumbani, akaketi kwenye kile kiti taratibu kama anayeshusha mzigo, akaanza kwa Kisoga. Kwamba kosa ni lake. Kwamba yeye, kwa uzee wake, aliuchukua mshipi kuuanika upate hewa, upepo ukaubeba hadi kwenye seng'enge, ukachanika, na fundi wa watu amehangaika mchana kutwa kurekebisha. Alisema hayo yote akimtazama shangazi usoni, macho makavu.

Shangazi akapiga magoti palepale na gomesi mpya kwenye saruji, akimwomba Jaja asijisumbue, mshipi ni kitu kidogo, wazazi ni wazazi. Nikapunguza shilingi elfu kumi kwenye bei. Akazikubali haraka; heshima kwa mzee ni jambo moja na bei ni jambo jingine.

Boda ilipoondoka nilimgeukia Jaja. Alikuwa ameshaingia ndani.

Jioni

Nikapita kituo cha afya, muuguzi akatazama kidole na kadi ya mbwa, akaandika. Watoto wamerudi, viatu sita, nimevihesabu nikavitia ndani ya sufuria kubwa nikafunika. Kitinda mimba alitaka kujua kama ni kweli mama alikimbia hadi uwanjani, maana shuleni wameshasikia. Mume wangu akala, akavaa sare, akacheka peke yake hadi getini.

Saa tatu usiku

Watoto wamelala. Nafagia vipande vya satini kwa taa ya simu, kwa kuwa umeme umekatika. Mlango wa jikoni uko wazi. Jaja yuko kitandani, pazia limefungwa nusu, na Kuruta amejinyoosha kwenye kizingiti, safari hii miguu yote minne iko ndani. Nasubiri asikie "toka".

Kimya kirefu. Kisha sauti ya Jaja, ya chini:

"Kuruta."

Mkia ukapiga sakafu mara moja.

"Ambia mama yako afunge mulango. Mbu naingia."

Nikaufunga.